Maumivu ya viungo: Ujue wakati wa kuunyoosha mwili na wakati wa kuupumzisha

KATIKA miinuko ya Limuru, Kericho na Nyamira, wako watu ambao siku yao huanza kwa mashauriano na magoti yao wenyewe. Ukungu bado umetanda, majogoo yamekwisha kuwika, na mtu ameketi ukingoni mwa kitanda akisugua paja na kujiuliza swali lile lile la jana: je, leo niende shambani au nilale?

Swali hilo halitokani na uvivu. Kwa mchuma majani chai anayelipwa kwa kilo, siku moja ya kulala ni siku moja bila ujira, ilhali siku moja ya kujilazimisha huenda ikazaa siku nne za kushindwa hata kufunga vifungo vya shati. Wengi hulijibu kwa mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaojikaza kisabuni, kama wasemavyo vijana, wakafanya kazi ya siku mbili siku ile ambayo maumivu yamepungua, kisha wakalazwa na maumivu siku tatu zinazofuata. Wapo pia ambao, baada ya kuadhibiwa hivyo mara nyingi, huamua kuuweka mwili kando kabisa mithili ya jembe lililovunjika mpini. Mwaka mmoja baadaye utawakuta hawawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono.

Makundi haya mawili yana kosa moja: yote huyaachia maumivu kazi ya kupanga siku. Mgonjwa wa viungo huhitaji mazoezi, na huhitaji mapumziko vilevile, lakini vyote viwili kwa kipimo. Na kipimo hicho hupangwa kabla maumivu hayajapanda.

Jina moja, magonjwa mengi

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, karibu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi. Jina lenyewe lina mzigo wake. Neno yabisi, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina maana ya kitu kikavu au kigumu, na hapo waliolibuni jina walilenga shabaha, kwa sababu kukakamaa kwa viungo ni dalili kuu. Baridi ndiyo iliyowapotosha wengi. Hali ya hewa ya Julai haiusababishi ugonjwa huu, ingawa wagonjwa wengi huapa kwamba maumivu yao huzidi msimu wa baridi. Wakazi wa Mombasa na Lodwar, ambao hawaijui baridi ya Nyandarua, huugua pia. Sweta na soksi nzito huleta faraja, na faraja si jambo la kupuuzwa, lakini hazitibu.

Magonjwa yanayojificha chini ya jina hilo ni mengi, ila mawili ndiyo yanayohusika zaidi na makala haya. La kwanza, ambalo ndilo lililoenea zaidi, ni kuchakaa kwa viungo. Gegedu, yaani tabaka lile laini na telezi linalofunika ncha za mifupa mahali inapokutana, hukwaruzika na kupungua, na mfupa ulio chini yake hubadilika umbo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 528 duniani waliishi na ugonjwa huu mwaka 2019, milioni 365 kati yao wakiwa wameathirika magoti. Huwapata zaidi waliovuka umri wa miaka 55, wanawake kuliko wanaume, watu wenye uzani mkubwa, na wale waliowahi kuumia kiungo uwanjani au kazini.

La pili ndilo ambalo madaktari huliita baridi yabisi kwa maana hasa ya jina hilo. Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hukosea adui na kuushambulia utando unaozunguka viungo. Vidole na vifundo vya mikono huvimba, aghalabu pande zote mbili za mwili kwa pamoja, na mgonjwa huchoka kana kwamba ana homa. WHO ilikadiria kwamba watu milioni 18 walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2019, na asilimia 70 yao walikuwa wanawake. Si ugonjwa wa wazee pekee. Huweza kumpata mwalimu wa miaka 30 ambaye jana alikuwa akikimbia na watoto uwanjani.

Ipo ishara moja ambayo mgonjwa anaweza kuichunguza mwenyewe nyumbani. Katika kuchakaa kwa viungo, ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida huisha kabla ya dakika 30, na maumivu huongezeka jioni baada ya kazi. Katika baridi yabisi yenyewe, ukakamavu huweza kudumu saa moja au zaidi, na kiungo hulegea kadiri mtu anavyoendelea kukitumia. Ishara hii haitoshi kuwa hukumu. Vipimo vya damu na uchunguzi wa daktari ndivyo vinavyoamua, na kwa baridi yabisi kuwahi hospitalini ni muhimu mno, kwa kuwa madhara ambayo kiungo hupata katika miezi ya kwanza mara nyingi hayarekebishiki.

(Jongo, ule ugonjwa unaokivamia kidole gumba cha mguu ghafla usiku, una chanzo chake tofauti na tiba yake. Tutauacha kwa leo.)

Kiungo hulishwa kwa mwendo

Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka katika ute unaokilainisha kiungo, na ute huo huingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiliwa, mfano wa sponji ndani ya beseni la maji. Goti lisilotembezwa, kwa hivyo, ni goti linalonyimwa lishe.

Zaidi ya hayo, kuna suala la misuli. Unapoteremka mlima ukiwa na mzigo, sehemu kubwa ya kishindo cha kila hatua hupokewa na misuli ya mbele ya paja kabla haijalifikia goti. Mtu aliyeacha kutembea kwa sababu ya maumivu hupoteza misuli hiyo upesi, hasa akiwa mzee. Kisha siku anapolazimika kutembea, kishindo chote hulishukia goti lenyewe. Goti huuma zaidi, naye huona kwamba alikuwa na haki ya kuacha kutembea. Huo ndio mduara unaowafikisha wengi kitandani.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, madaktari wenyewe waliamini pumziko kuliko mwendo. Wagonjwa wa baridi yabisi huko Ulaya na Marekani walilazwa kwa wiki kadhaa mfululizo, viungo vikiwa vimefungwa kwa bendeji ngumu. Mtazamo huo ulibadilika polepole. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miezi 18 uliohusisha watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliougua kuchakaa kwa magoti. Waliotembea kwa utaratibu, na waliofanya mazoezi ya kuimarisha misuli, wote waliripoti maumivu machache na walimudu shughuli zao vizuri kuliko wale waliopewa mafunzo ya afya pekee.

Uchunguzi mwingine, uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2003, uliwafuata wagonjwa 309 wa baridi yabisi kwa miaka miwili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kutoa jasho mara mbili kwa wiki. Uwezo wao wa kufanya kazi uliongezeka, na kwa jumla viungo vyao havikuharibika kuliko vya wenzao. Hata hivyo, miongoni mwa wale ambao viungo vyao vikubwa kama magoti na mabega vilikuwa vimeharibika sana tangu mwanzo, uharibifu uliongezeka kidogo. Natija hii ya mwisho hutajwa mara chache na wanaohubiri mazoezi, ilhali ndiyo inayomhusu mgonjwa kwa karibu zaidi. Mazoezi ni dawa, na kama dawa nyingine yoyote, dozi ya jirani huenda isikufae.

Pumziko nalo lina aina zake

Mtu anapoambiwa apumzike, aghalabu huwaza kitanda. Lakini mgonjwa wa viungo anahitaji mapumziko ya namna tatu, na kuyachanganya ndiko kunakozaa madhara.

Kuna pumziko la kiungo kimoja. Kidole kilichovimba kinaweza kupumzishwa, hata kufungiwa kibao maalumu cha kukituliza usiku, huku miguu ikiendelea kutembea. Kuna pumziko la mwili mzima, ambalo mgonjwa wa baridi yabisi hulihitaji kwa sababu uchovu wake hutoka ndani ya ugonjwa wenyewe. Kulala nusu saa au saa moja alasiri kunaweza kumwokolea jioni yote. Na kuna yale mapumziko mafupi ya katikati ya kazi, ya dakika mbili au tano, ambayo watu wengi huyadharau ingawa ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote.

Hata anayelala hana budi kuchunga jinsi anavyolala. Wagonjwa wengi wa goti huweka mto chini yake kwa sababu goti lililokunjwa huuma kidogo. Ukiuacha mto huo usiku kucha, wiki baada ya wiki, kano zilizo nyuma ya goti hufupika na goti hukataa kunyooka. Nimewaona wazee waliozoea kukaa hivyo na ambao leo hutembea wakiwa wamepiga magoti nusu. Mto uwekwe kwa muda mfupi tu, kisha uondolewe na mguu unyooshwe.

Kipimo cha saa mbili

Je, mtu atajuaje kwamba amezidisha? Wataalamu wa tiba ya mazoezi hutumia kanuni moja nyepesi ambayo haihitaji kifaa chochote ila saa ya ukutani. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi ni jambo la kawaida. Lakini maumivu yakizidi yale ya mwanzo na yakaendelea kwa zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, au ukaamka kesho yake kiungo kikiwa kimevimba kuliko jana, basi umepita mpaka. Jibu lake ni kupunguza, si kuacha. Kama ulitembea dakika 20, siku inayofuata tembea 10 au 12.

Aidha, mtu afunzwe kuyatambua maumivu yake. Misuli iliyolala muda mrefu ikianza kazi huuma uchungu mzito ulioenea, ambao huisha baada ya siku moja au mbili. Huo ni uchungu mwema. Maumivu makali kama ya kuchomwa sindano ndani ya kiungo, au kiungo kinachokwama ghafla katikati ya mwendo, ni amri ya kusimama.

Kutoka kanuni hiyo hupatikana hesabu ya kugawa siku. Tuseme mama anajua kwamba akipalilia mfululizo, mgongo na magoti huanza kulalamika baada ya dakika 40. Desturi yake ni kuendelea hadi afikie mwisho wa mstari. Anachoshauriwa ni kusimama kwenye dakika ya 25 au 30, maumivu yakiwa bado hayajaja, akajinyoosha, akatembea hadi mtini na kurudi, au akabadili kazi: akaketi kuambua maharagwe, kisha akarudi kupalilia kwa kipindi kingine. Baada ya wiki moja bila kuadhibiwa, anaweza kuongeza dakika mbili au tatu. Mwisho wa mwezi huenda akagundua kwamba amepalilia eneo kubwa kuliko alivyokuwa akipalilia kwa kujikaza.

Ugumu wa mpango huu hauko shambani. Uko kichwani, siku ile njema. Mtu aliyelala siku tatu akiamka mzima hutaka kulipa madeni yote: kufua, kuchota maji, kupeleka maziwa, kwenda kanisani na kumtembelea shemeji. Siku njema ndiyo siku ya hatari. Kazi yake ipangwe iwe karibu sawa na ya siku ya kawaida, hata kama mwili unasema unaweza zaidi.

Kazi za nyumbani na mzigo wake

Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu maradhi haya umeandikwa kwa watu wenye mabomba ya maji jikoni na vidimbwi vya kuogelea mtaani. Kuogelea ni zoezi zuri kweli, kwa sababu maji huubeba uzani wa mwili, na aliye karibu na bahari tulivu au ziwa salama asiache kutembea majini yakiwa yamemfika kifuani. Lakini Mkenya wa kawaida ana mizigo mingine ya kushughulikia kwanza.

Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzani wa takriban kilo 20. Mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, hugawa mzigo huo. Safari nne za lita 5 ni nyepesi zaidi kwa mwenye vidole vilivyovimba, hasa mpini ukizungushiwa kitambaa ili uwe mnene. Kanuni ya jumla ni kuuhamisha mzigo kutoka viungo vidogo hadi vikubwa: mfuko ubebwe begani au kwa kiwiko badala ya vidole, mlango usukumwe kwa bega, sufuria inyanyuliwe kwa viganja viwili. Kusonga ugali wa watu kumi ni kazi kubwa kwa kifundo cha mkono. Usongwe kidogo kidogo mara mbili, au mwiko upewe kijana, ambaye hatapungukiwa na chochote.

Kuchuchumaa ni adui mkubwa wa goti lililochakaa, na choo cha shimo hakimpi mtu hiari. Seremala anaweza kutengeneza kiti kilichotobolewa katikati kikawekwa juu ya tundu, na kuta zikatiwa kipande cha mbao cha kushikilia. Ni matumizi madogo ambayo faida yake huonekana siku hiyo hiyo. Jikoni nako kigoda kifupi kibadilishwe na kiti cha urefu wa kawaida, na jiko liinuliwe juu ya matofali. Mwislamu ambaye magoti yanamzuia kusujudu anaruhusiwa na dini yake kuswali akiwa ameketi. Mkristo naye hajaagizwa popote kwamba sala isiyopigiwa magoti haisikizwi.

Mkongojo una siri ambayo wengi hawaijui. Hushikwa kwa mkono ulio kinyume na mguu unaouma. Goti la kulia likiwa gonjwa, mkongojo uwe mkono wa kushoto, na viende mbele pamoja. Ukitembea Nairobi utawaona wengi wakifanya kinyume cha hivyo.

Kuhusu uzani, yapo maneno mengi ya kukera yanayosemwa kwa wanawake wanene, nami sitayarudia. Hesabu yenyewe inatosha: utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja ambayo mtu hupunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Anayepunguza kilo tano ameliondolea goti lake mfano wa mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa akibebwa kila hatua.

Mazoezi yasiyohitaji gharama

Kabla ya lolote, viungo vipashwe moto. Asubuhi, ukiwa bado umelala, kunja na kunyoosha vidole vya miguu, vifundo na magoti polepole, mara tano tano. Kitambaa kilicholowekwa maji moto na kukamuliwa, kikiwekwa juu ya kiungo kilichokakamaa kwa dakika 15, hurahisisha mambo. Kiungo kilichovimba na chenye joto hupendelea baridi: barafu iliyofungwa kwa taulo, dakika 10 hadi 15, isiguse ngozi moja kwa moja.

Zoezi la kwanza kwa mwenye magoti mabovu ni la misuli ya paja. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele hadi goti linyooke kabisa, ukaze paja kwa kuhesabu hadi tano, kisha uushushe taratibu. Rudia mara kumi kwa kila mguu. Likishakuwa jepesi, liongezwe lile la kuinuka kitini na kuketi tena bila kujisukuma kwa mikono, mara tano mwanzoni. Anayeshindwa aanze na kiti kirefu zaidi au aweke mto juu ya kiti. Kusimama nyuma ya kiti ukakishikilia na kujiinua kwa ncha za vidole vya miguu huimarisha ndama na kuzuia kuanguka.

Vidole vya mikono hunyooshwa ndani ya beseni la maji vuguvugu: fumba ngumi taratibu bila kubana kwa nguvu, fumbua na utanue vidole, kisha gusisha kidole gumba na kila kidole kimoja kimoja. Wakati wa kuosha vyombo ni wakati mzuri wa zoezi hili.

Kutembea ndiko kunakobaki kuwa zoezi la wote. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima, wakiwemo wenye maradhi ya kudumu, walenge dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Idadi hiyo isimtishe mtu. Mwongozo huo huo unasema kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya chochote, na dakika 150 ni dakika 10 mara tatu kwa siku, siku tano. Barabara tambarare ni bora kuliko mteremko, kwa kuwa kuteremka hulibana goti kuliko kupanda. Viatu viwe na soli nene inayobonyea. Sandali za plastiki zilizolika upande mmoja huupinda mguu mzima.

Ugonjwa unapochacha

Mgonjwa wa baridi yabisi hupatwa na vipindi ambapo ugonjwa huchacha: viungo huvimba, huwa na joto, na mwili huishiwa nguvu. Hapa mizani huelemea upande wa pumziko. Mazoezi ya nguvu na matembezi marefu yaahirishwe, usingizi uongezwe, na kiungo kilichovimba kitulizwe. Hata hivyo, mara moja au mbili kwa siku kiungo hicho kisogezwe polepole hadi pale kinapoweza kufika bila kulazimishwa, ili kisije kikaganda. Uvimbe unapopungua, mtu asirejee pale alipoachia. Aanze kwa nusu ya kazi aliyokuwa akiifanya, kisha apande taratibu.

Kwa walioajiriwa, vipindi hivi huleta mashaka mengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, baada ya miezi miwili mfululizo kazini, likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili na siku nyingine saba kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Ugonjwa unaochacha mara nne kwa mwaka huzimaliza siku hizo upesi. Ndiyo maana ni busara kuzungumza na mwajiri mapema, barua ya daktari mkononi, kuhusu kuruhusiwa kusimama na kujinyoosha kila nusu saa au kubadilishiwa zamu. Ruhusa ya dakika tano humgharimu mwajiri kidogo kuliko wiki nzima ya kutokuwapo kazini.

Ipo hali moja isiyongoja mazoezi wala pumziko. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, nawe ukashikwa na homa, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda usaha umeingia ndani ya kiungo, na usaha huo unaweza kukiharibu kwa siku chache au hata kuua.

Vidonge vya kujipa nguvu

Desturi iliyozagaa ni kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili mtu afanye kazi ya siku nzima bila kuhisi chochote. Dawa hizo zina nafasi yake, lakini huficha ile ishara ambayo tumekwisha kusema ndiyo kipimo chetu, na zikitumiwa miezi mingi bila uangalizi huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Unga na matone yanayouzwa vituo vya matatu kwa ahadi ya kuponya viungo kwa siku tatu ni hatari ya namna nyingine. Katika nchi mbalimbali bidhaa za aina hiyo zimepimwa na kukutwa zimetiwa steroidi kwa siri. Mtu huhisi amepona kweli, na miezi kadhaa baadaye mifupa imedhoofika na sukari imepanda.

Mwenye baridi yabisi aliyeandikiwa methotrekseti akumbuke kwamba kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumewaua watu. Dawa hii na nyingine za jamii yake ndizo zinazouzuia ugonjwa kula kiungo. Mazoezi hayawezi kuchukua nafasi yake.

Jamaa na majirani

Mara nyingi kinachoharibu mizani ni upendo. Wana walio mjini husikia kwamba mama anaumwa na magoti, wakakutana, wakachanga fedha, wakamwajiri kijana wa shamba na msichana wa nyumbani, kisha wakampiga mama marufuku kushika jembe. Mama huketi barazani kutwa nzima. Ndani ya miezi sita paja limenywea, uzani umepanda, na sasa hata kwenda chooni ni safari. Wana hawa hawana ubaya wowote, ila wangemfaa zaidi kwa kumwachia bustani ndogo ya sukuma wiki aitunze kwa mwendo wake, na kumpunguzia maji na kuni.

Kinyume chake kipo pia. Mke kijana mwenye baridi yabisi haonekani mgonjwa. Hana kidonda, hana bendeji, na juzi alionekana akicheza arusini. Leo akisema hawezi kukamua ng'ombe, mavyaa humwona mvivu. Ugonjwa huu hubadilika hivyo kwa kawaida yake, na mume anayeliambia hilo jamaa zake waziwazi humpunguzia mkewe mzigo kuliko kidonge chochote cha maumivu.

Anayetaka kuanza mpango huu afungue daftari la shule la kurasa chache. Kila jioni aandike mambo matatu: alifanya nini na kwa dakika ngapi, alipumzika lini, na maumivu yalikuwaje saa mbili baadaye na asubuhi iliyofuata. Baada ya wiki mbili ataona mwenyewe ni kazi ipi inayomwadhibu na ni saa ngapi mwili wake hufanya vyema. Hospitali nyingi za kaunti zina idara ya tiba ya mazoezi ya viungo, na wahudumu wake, ambao wengi wamehitimu katika Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu (KMTC), wanaweza kumrekebishia mazoezi kulingana na kiungo kinachomsumbua. Siku ya kwenda kliniki, daftari hilo lisiachwe nyumbani.